Yule wa Mandolini Hakutajwa

Mwimbaji aliwatambulisha wote. Mpiga solo akatajwa, akapigiwa mayowe. Mpiga besi akatajwa pamoja na mtaa aliozaliwa. Wa drams akaachiwa uwanja achape peke yake, jasho likimdondoka puani. Wa kinanda akatajwa kwa utani ambao sikuuelewa. Hata fundi mitambo, aliyejikalia nyuma kule karibu na mlango wa kutokea, naye alitajwa, maana ilikuwa siku yake ya kuzaliwa, na ukumbi mzima ukamwimbia.

Wakapiga wimbo wa kufungia. Taa zikawaka. Watu wakaanza kutafuta makoti yao.

Na yule wa mandolini?

Ulikuwa ukumbi mdogo wa Gateshead, Uingereza, ng'ambo ya mto Tyne ukitokea Newcastle. Bendi ilikuwa ya roki, wanaume wa makamo na magitaa mawili ya umeme yaliyokuwa yakinguruma tangu saa mbili usiku. Katikati ya onyesho alipanda mtu mmoja mwembamba, shati la drafti, kachombo kadogo kameegemea kifuani. Alipiga wimbo mmoja tu. Nilimwonea huruma kabla hajaanza, nikijua yale maspika yatammeza. Hayakummeza. Mlio wake ulipita juu ya magitaa, juu ya drams, ukanifuata hadi nyuma nilikosimama, na wimbo ulipokaribia kwisha watu waliacha kabisa kuimba maneno. Waliimba mandolini. La-la-la ukumbi mzima, wazee kwa vijana, glasi juu.

Akamaliza, akainamisha kichwa kidogo, akashuka kwa ngazi za pembeni.

Wiki kadhaa zimepita na bado ninamfikiria. Nikiwa zamu ya usiku, nikiwa kwenye basi, nikiosha vyombo. Labda ni kwa sababu nimekulia kwenye nyumba yenye mpiga gitaa. Labda ni ushamba tu wa mtu aliyezoea muziki wa namna nyingine. Naandika ili nijue ni lipi.

Sarafu za konda

Kwanza nilitaka kuelewa kichombo kile kilisikikaje.

Mandolini ina nyuzi nane zilizofungwa mbili mbili, kila jozi ikitoa sauti moja, kwa hiyo mpigaji ana sauti nne za kuanzia, na ni zilezile za fidla. Watu wa taarabu hapo mmeshanielewa. Uzi wake mwembamba kabisa ukiguswa bila kubanwa hutetemeka mara 659 hivi kwa sekunde. Uzi mwembamba wa gitaa hutetemeka mara 330, nusu yake. Uzi mnene wa besi, mara 41 tu. Besi, ngoma kubwa ya drams na magitaa mazito yanabanana huko chini, huku mandolini ikipita juu ambako hakuna wa kugombana naye. Ni kama konda anapogonga sarafu zake ndani ya daladala iliyojaa: injini inanguruma, redio inapiga kelele, abiria wanabishana habari za chenji, na bado kila mtu amezisikia zile sarafu.

Udhaifu wake ni kwamba sauti haidumu. Kisanduku ni kidogo, nyuzi ni fupi, ukigusa tu imekwisha. Mpigaji akitaka noti irefuke inabidi aurudie uzi uleule kwa kasi, risha, kile kijipande cha kugusia nyuzi, ikienda na kurudi, ndipo unaposikia ule mtetemo unaosisimua. Na jukwaani kuna kazi nyingine: kichombo cha mbao kikiwekwa maikrofoni mbele ya maspika makubwa, ukizidisha sauti kidogo tu mitambo inaanza kupiga mluzi. Mtu anapaswa kukaa macho kwenye meza ya sauti wimbo mzima.

Kwa hiyo yule fundi mitambo alistahili kuimbiwa. Hilo sina ubishi nalo.

Jina limenitoka

Pale ukumbini nilimuuliza mzee aliyekuwa pembeni yangu, mwenyeji wa hukohuko kwenye Tyne, yule wa mandolini ni nani. Hakumjua. Akacheka, akaniambia hata yule aliyepiga mandolini kwenye wimbo wa Maggie May hakutajwa.

Hiyo ndiyo ilinikosesha usingizi.

Wimbo wenyewe nilikuwa nikiujua bila kujua ninaujua, kama wengi wenu. Ni wa Rod Stewart, mwimbaji wa Uingereza, ulitoka 1971. Uliwekwa upande wa pili wa santuri, watangazaji wa redio wakaigeuza, na kufikia Oktoba mwaka huohuo wimbo na albamu yake vyote vilikuwa namba moja Uingereza na Marekani kwa wakati mmoja. Ukiusikiliza kwa makini utagundua hauna kibwagizo. Kijana anasimulia masaibu yake na mwanamke aliyemzidi umri, beti baada ya beti, hakuna mahali pa hadhira kudandia. Kisha mwishoni inaingia mandolini, na wimbo unaondoka nayo. Kwa maneno mengine, kile ambacho watu wanakiimba wakiwa na glasi mkononi hakikuimbwa na mwimbaji.

Kilipigwa na Ray Jackson, kijana wa bendi ya Lindisfarne ya Newcastle, aliyeitwa studio kufanya kazi ya deiwaka, ya kulipwa na kuondoka. Jalada la albamu liliwataja wapigaji. Lilipofika kwake liliandika kwamba mandolini imepigwa na yule mpiga mandolini wa Lindisfarne, jina limemtoka mwandishi.

Jina limenitoka! Nimeisoma sentensi hiyo mara nyingi na kila mara inanijia kwa sura nyingine. Kuna siku naiona ni mzaha wa vijana waliotoka baa kuja studio. Stewart alikuwa na mizaha ya namna hiyo, na angalau aliitaja bendi. Kuna siku inanikera hasa. Mtu aliyekumbuka kwamba hakumbuki, si angepiga simu moja?

Halafu ikaja televisheni. Wimbo ulipoonyeshwa kwenye kipindi cha Top of the Pops cha BBC, mandolini ilishikwa na John Peel, mtangazaji wa redio, aliyekuwa akijifanya anapiga. Mamilioni ya watu sebuleni mwao wakaona mandolini mikononi mwa mtu asiyeipiga. Najua ilikuwa utani, na Peel mwenyewe alikuwa kipenzi cha watu. Ila nafikiria Jackson akiwa mbele ya televisheni jioni ile, kama alikuwa mbele ya televisheni.

Sitaki kumfanya maskini wa Mungu. Lindisfarne ilikuwa bendi kubwa. Albamu yao ya Fog on the Tyne ilikaa namba moja Uingereza miezi michache baadaye, mwanzoni mwa 1972. Ukipita Newcastle leo na kutaja jina lake kwa mtu wa umri ule, huna haja ya kueleza. Mwaka 2003 alijitokeza akadai alistahili kutambuliwa kama mmoja wa watunzi, akasema studio siku ile alilipwa pauni 15. Upande wa Stewart ulijibu kwamba mchango wake wowote ulilipwa wote wakati uleule, kama kazi yoyote ya kukodishwa.

Watunzi walioandikwa ni wawili, Stewart na Martin Quittenton. Huyo wa pili alikuwa mpiga gitaa. Kumbe kupiga chombo kunaweza kuhesabiwa kuwa ni kutunga.

Inategemea.

Inategemea nini

Hapo ndipo nilipoanza kuzitafuta mandolini nyingine za roki, na nikagundua si haba.

Mwaka huohuo wa 1971 Led Zeppelin, bendi iliyosifika kwa kupasua masikio, ilitoa albamu yenye nyimbo mbili za mandolini. Mmoja, The Battle of Evermore, ulizaliwa pale mpiga gitaa wao, Jimmy Page, alipookota mandolini ya mwenzake John Paul Jones akiwa hajawahi kuipiga, akaanza kuchezea nyuzi, wimbo ukatoka. Ameandikwa mtunzi. Walipofanya maonyesho ya Earls Court, London, mwaka 1975, walivuta viti katikati ya makelele yao, wakakaa, na Jones akaipiga mandolini mbele ya maelfu. Hakuna aliyeuliza ni nani yule.

Miaka 20 baada ya albamu hiyo, 1991, kundi la R.E.M. la Marekani likatoka na Losing My Religion. Mpiga gitaa wao, Peter Buck, alikuwa ndiyo kwanza amenunua mandolini na anajifunza. Alikuwa akijirekodi huku anaangalia televisheni, na kile kipande kilipatikana kwenye mazoezi hayo. Yaani mwanafunzi! Lakini R.E.M. walikuwa na desturi ya kuandika majina yao wanne kwenye kila wimbo walioutunga, awe ameleta nani, hata wa drams.

Tazama sasa. Page hakuwa mpiga mandolini. Buck alikuwa anajifunza. Jackson ndiye aliyekuwa fundi. Wawili wa kwanza ni watunzi; wa tatu ni yule ambaye jina limetoka.

Kwa sikio langu vile vipande vitatu vinafanya kazi ileile. Kinachotofautiana ni mpigaji alikuwa nani ndani ya bendi. Mwenye bendi akigusa nyuzi, ametunga. Deiwaka akigusa, amepamba.

Najua wapo watakaonipinga, na hoja yao si nyepesi. Wimbo ulikuwepo kabla Jackson hajafungua mlango wa studio: maneno, sauti, mpangilio. Angeitwa mwingine angepiga kitu kingine na huenda wimbo ungefika palepale. Ukimpa kila mpigaji sehemu ya utunzi, hakuna rekodi itakayotoka bila wanasheria kukaa mezani. Nimeizungusha hoja hiyo kichwani na kila nikikaribia kuikubali nakumbuka ule ukumbi ukiimba la-la-la.

Kwetu huitwa kwa jina

Nikiri kwamba kilichonikera Gateshead kilitokana na malezi. Katika muziki wa dansi, chemko likianza, yaani ile sehemu ya wimbo inayochangamka, mwimbaji humwita mpiga solo kwa jina. Humwita, humsifu, humtania, humtaja na kwao. Hata wewe uliye mtoto, usiyeingia baa, unamjua mpiga solo kwa kupitia redio, kwa sababu jina lake limo ndani ya wimbo. Wakongo wamelifanya jambo hilo kuwa biashara, hadi matajiri wanalipa watajwe, lakini asili yake ilikuwa ni heshima ya jukwaani: wewe fanya kazi, mimi nitawaambia watu ni nani anayefanya.

Ndiyo maana mtu wa rika la mama yangu hawezi kukueleza Mbaraka Mwinshehe aliimba nini bila kuyaiga magitaa kwa mdomo. Kwao wimbo na mpigaji havikuachana.

Nilikuwa tayari kuandika makala nzima juu ya hilo. Wao wanasahau, sisi tunaita. Ingekuwa makala nzuri, ningepata pongezi.

Bahati mbaya nilimpigia simu mjomba.

Mjomba hataki jina

Mjomba alipiga gitaa la rithimu Tanga na baadaye Dar, kwenye bendi iliyomilikiwa na shirika la umma. Mnaujua mfumo wenyewe. NUTA Jazz ilianzishwa 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, na nyingine nyingi zikafuata njia hiyo. Vyombo ni vya mwajiri, mshahara ni wa mwezi, mkirekodi mnakwenda RTD, Radio Tanzania Dar es Salaam, na wimbo unatangazwa kwa jina la bendi.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mjomba. Huko baridi imewafanyaje?"

Nikamsimulia. Ukumbi, mandolini, kuimbiwa kwa fundi mitambo, jalada la 1971. Nilisimulia vizuri, kwa mbwembwe, nikingoja asikitike.

"Huyo uliyemwona," akasema, "walimlipa usiku ule?"

"Sijui, mjomba."

"Sasa jina unaliliaje kabla hujajua kama kalipwa?"

Nikamkumbusha kwamba yeye mwenyewe aliitwa kwa jina, tena kwenye nyimbo zinazopigwa mpaka leo. Akacheka kile kicheko chake cha kukohoa.

"Niliitwa sana. Jumamosi ukumbi mzima unaniita, Jumapili naazima nauli. Mimi ningemwambia mwimbaji, ndugu yangu, usinitaje, nipe hiyo nafasi ya jina kwa shilingi."

Halafu akaniambia jambo ambalo sikulitegemea. Alisema kuitwa jina jukwaani kulikuwa ndiko malipo, na kila mtu alilijua hilo, na ndiyo sababu hawakudai kingine. Jina lilikuwa linawanyamazisha. Mtu aliyeshangiliwa usiku anaona haya asubuhi kwenda ofisini kuuliza habari ya senti. Yule Mzungu wa pauni 15, akasema, huenda aliweza kudai kwa sababu hawakumshangilia.

Nilikaa kimya muda mrefu mpaka akadhani simu imekatika.

Sikubaliani naye moja kwa moja. Nimemwona mjomba huyuhuyu, kwenye harusi, wimbo wake ukipigwa na jina lake likitajwa, akinyoosha mgongo na kutazama kushoto na kulia. Lakini makala yangu nzuri ilikuwa imeharibika, na ikabidi nianze kufikiri upya. Pengine yule mtu wa shati la drafti aliweka bei yake, akalipwa noti mkononi kabla ya kupanda, akapiga, akaondoka mapema kuwahi treni. Pengine ni shemeji wa mpiga besi na hataki kutajwa.

Asilimia ishirini

Nilipokuwa nikifuatilia habari za Jackson nilikutana na sheria ambayo sijawahi kuisikia ikizungumzwa na wanamuziki wetu, nami naiweka hapa kwa faida ya wenye kuhusika.

Mwaka 2011 Umoja wa Ulaya uliongeza muda wa ulinzi wa rekodi za muziki kutoka miaka 50 hadi 70, na Uingereza ikaiingiza kanuni hiyo kwenye sheria zake 2013. Ndani yake kuna kifungu cha wale deiwaka hasa, waliolipwa mara moja na kuondoka. Rekodi ikishatimiza miaka 50 sokoni, kampuni inayoimiliki inatakiwa kila mwaka kutenga asilimia 20 ya mapato yanayotokana na haki hizo za ziada, na fungu hilo wagawiwe wao. Hawaulizwi kama walitunga. Inatosha kwamba walipiga.

Rekodi ya 1971 ilitimiza 50 mwaka 2021.

Nilimpigia tena mjomba kumweleza, nikijua habari ya fedha ataipenda. Alinyamaza, nikamsikia akihesabu. Bendi yao ilirekodi zile zinazojulikana zaidi mwaka 1978. Akaniuliza kama kwetu kuna kifungu kama hicho. Nikamwambia tunayo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, na hiyo hakishiriki ndiyo inayomhusu mpigaji, lakini habari ya kugawana asilimia baada ya miaka 50 ni ya huko Ulaya.

"Na wakitaka kumgawia mtu, wanajuaje nani alipiga?"

Kwa orodha, mjomba. Kwa jalada, kwa karatasi za studio, kwa majina yaliyoandikwa siku ile.

"Aa," akasema.

Kesho yake ikaanza kuingia sauti kwenye WhatsApp, moja baada ya nyingine, nyingine dakika nane. Mjomba yule asiyetaka jina alikuwa anayataja yote: nani alipiga besi kwenye wimbo upi, nani alishika tumba siku ambayo mwenye tumba alikuwa na malaria, saksafoni ya kwanza na ya pili, nani aliazimwa kutoka bendi nyingine kwa siku mbili na hakuwahi kusemwa popote. Majina matatu matatu, la mtu, la baba na la babu, ili wasichanganywe na wengine. Wa tarumbeta alimjua kwa jina la utani tu, akaahidi kumuuliza mtu Muheza.

Nimeshaanza kuyaandika. Nimekwama kwenye wimbo wa pili. Mjomba anasema chemko lile solo alipiga yeye, kwa kuwa mpiga solo alichelewa basi. Nimempata mpiga solo mwenyewe, yuko Korogwe, mzee mcheshi tu, na anasema hajawahi kuchelewa basi maishani mwake.